Jinsi ya Kukinga Kipokezi cha Redio Kilicho Karibu na Antena Inayorusha: Mwongozo Kamili

Malalamiko ni yaleyale. Mtu ananunua kipokezi cha SDR, yaani redio inayofanya kazi yake kwa programu ya kompyuta, anakifungia antena juu ya paa ileile yenye antena yake ya kurushia, anasikia dunia nzima kwa raha, kisha siku moja kinakuwa kiziwi. Ukimuuliza, anaapa kwamba kila aliporusha alikuwa amekizima.

Kukizima hakukingi kitu. Transista ya kwanza nyuma ya tundu la antena imeungana na antena saa zote, umeme uwepo usiwepo. Kunyamazisha sauti kwenye kompyuta ndiyo kabisa, hakuna maana. Hata kile kidude cha gesi cha kuzuia radi si cha kazi hii: huwaka kwenye volti 75 au 90, na volti 75 za kilele kwenye omu 50 ni sawa na wati 56. Kipokezi kinachokufa kwa miliwati kitakuwa kimeshaungua gesi ikiwa bado haijashtuka.

Mwongozo huu umejengwa juu ya hali ambayo wengi wetu tunayo: redio ya HF (masafa ya 3 hadi 30 MHz) ya wati 100 inayorusha bendi ya mita 40 (karibu 7 MHz), na pembeni yake kipokezi cha pili chenye antena yake, vyote nyumba moja. Kambi ya redio mbili uwanjani na transmita isiyo yako vimepewa nafasi yao huko mbele. Nachukulia kwamba leseni ya kurusha unayo, ya TCRA kwa Tanzania, ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, au ya mamlaka ya nchi yako.

## Vitu vya kuandaa

Vingi utavipata Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, na vingine vimo ndani ya mbao za vifaa vibovu ulivyorundika chini ya meza.

- Rezista mbili za omu 100, robo wati, za kaboni. Za waya uliosokotwa hazifai, maana zenyewe ni koili.
- Diodi za 1N4148, kama kumi hivi. Ni za bei ya chini na utaharibu baadhi.
- Diodi moja ya Schottky, mfano 1N5711, kwa ajili ya kipimo. Ukikosa, tumia 1N4148.
- Rilei (swichi inayovutwa na umeme) ndogo ya volti 12 ya kazi za mawimbi, yenye seti mbili za COM (pini ya katikati), NO (inayogusana na COM rilei ikivuta) na NC (inayogusana nayo rilei ikiachia).
- Transista 2N2222A, rezista ya kilo-omu 4.7, kapasita ya 47 µF na kadhaa za 10 nF.
- Diodi ya 1N4007 na zena (diodi inayopitisha kinyume volti ikifika kiwango chake) ya volti 12.
- Balbu ndogo ya volti 12, miliampia 50.
- Pete kubwa ya feraiti aina 31 au 43, yenye kipenyo cha inchi 2.4.
- Boksi la chuma, soketi za BNC au SO-239, na kebo ya RG-58.
- Mita ya kidijitali na pasi ya kulehemu.

Angalizo kuhusu pete. Zile za njano na nyeupe zinazong'olewa kwenye pawa saplai za kompyuta ni unga wa chuma, si feraiti. Kwa kuzuia mawimbi ya HF kwenye kebo hazifanyi kazi, na hili limewapotezea watu wengi muda.

## Hesabu ndogo usiyoweza kuikwepa

Nguvu inayoingia kwenye kipokezi huandikwa kwa dBm, yaani desibeli ukianzia miliwati moja. Kwenye omu 50 kariri hizi, kwa volti za kilele:

- 0 dBm ni miliwati 1, volti 0.32
- +10 dBm ni miliwati 10, volti 1
- +20 dBm ni miliwati 100, volti 3.2
- +30 dBm ni wati 1, volti 10
- +37 dBm ni wati 5
- +50 dBm ni wati 100, volti 100

Uzuri wake ni kwamba hakuna kuzidisha, ni kujumlisha na kutoa tu. Ukirusha wati 100 (+50) na kati ya antena mbili kuna upotevu wa desibeli 25, kinachotua kwenye tundu la kipokezi ni +25 dBm, zaidi ya miliwati 300.

## Hatua ya 1: Jua kipokezi chako kinavumilia kiasi gani

Tafuta kwenye karatasi ya mtengenezaji mstari unaotaja nguvu ya juu inayoruhusiwa kuingia. HackRF One inaishia -5 dBm, chini hata ya miliwati moja, na ndiyo maana inaongoza kwa kufa. SDRplay RSP1A inaruhusu 0 dBm mfululizo, na +10 kwa muda mfupi. Vidongo vya RTL-SDR, vile vidude vidogo vya kuchomeka kwenye USB, kwa kawaida huhesabiwa +10 dBm.

Toa desibeli 10 kwenye namba hiyo. Kinachobaki ndicho lengo lako. Kwa HackRF lengo ni -15 dBm, kwa kidongo cha RTL-SDR ni 0 dBm.

Kwa nini desibeli 10? Kwa sababu mvua, waya uliolegea na antena iliyosogezwa na upepo hubadilisha mambo, na kwa sababu kipokezi hakiungui siku zote kwa mara moja. Kingine huchoka kidogokidogo na usikivu ukapungua bila wewe kujua.

## Hatua ya 2: Pima kinachoingia, kipokezi kikiwa pembeni

Hapa ndipo wengi huruka, na ndipo kushindwa kwao huanzia. Huwezi kukisia. Kwenye bendi ya mita 40, antena zilizo mita kumi kutoka nyingine ziko karibu mno kwa kanuni za kawaida za umbali, na bomba la maji au bati la paa linaweza kugeuza hesabu yote.

Tengeneza kipimo hiki. Chukua soketi ya BNC, lehemu rezista mbili za omu 100 sambamba kati ya pini ya katikati na ganda, upate omu 50. Kutoka pini ya katikati weka diodi ya Schottky, upande wa anodi ukiwa kwenye pini. Katodi, yaani upande wenye mstari, iende kwenye kapasita ya 10 nF, na mguu wa pili wa kapasita kwenye ganda. Mita yako, ikiwa kwenye volti za DC, isome kati ya miguu miwili ya kapasita. Miguu yote iwe mifupi, isizidi sentimita moja.

Sasa:

1. Chomoa kebo ya antena kwenye kipokezi, uichomeke kwenye kipimo.
2. Weka transmita kwenye wati 5, mtindo wa CW (nukta na vistari vya Morse) au FM. SSB, mtindo wa kuongea wa HF, haifai, nguvu yake inapanda na kushuka na sauti.
3. Hakikisha masafa hayana mtu, jitambulishe kwa alama yako ya wito, kisha rusha sekunde chache na usome mita.
4. Ongeza volti 0.2 hadi 0.3 kwenye ulichosoma, ndizo diodi iliyozila.
5. Rudia kwa kila bendi unayorushia. Bendi moja inaweza kuwa salama na nyingine ikawa kaburi.

Onyo: ukiona zaidi ya volti 7 kwa wati 5 tu, acha mara moja. Hiyo ni nusu wati, na ndio mwisho wa uvumilivu wa rezista zako. Nenda moja kwa moja hatua ya 3.

Mfano. Mita inasoma 0.8. Ongeza 0.2, unapata volti 1, yaani +10 dBm. Kutoka wati 5 hadi wati 100 ni nyongeza ya desibeli 13. Kwa hiyo ukirusha kwa nguvu zote, kipokezi kitapokea +23 dBm, miliwati 200. Mwenye HackRF ana kazi ya kutafuta desibeli 38 za kinga. Mwenye RTL-SDR anatafuta 23.

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi yenye namba moja kwa kila bendi. Ibandike ukutani, utaihitaji mwishoni.

## Hatua ya 3: Chota desibeli za bure kwenye nafasi

Kabla ya kulehemu chochote, panda juu. Lakini kwanza angalia nyaya za umeme za barabarani, na mtu wa chini ajue kwamba redio haiguswi wakati uko kwenye ngazi. Waya wa antena inayorusha unaunguza ngozi, na kidonda chake huchelewa kupona.

Mambo matatu yanasaidia, kwa mpangilio huu wa urahisi:

Mwelekeo. Dipoli, yaani antena ya waya mbili zilizonyooka na kulishwa katikati, haisikii vizuri kwenye ncha zake. Ukiwa na dipoli mbili, zipange zifuatane kwenye mstari mmoja, ncha kwa ncha, badala ya kuzilaza sambamba.

Ulalo. Ikiwa ya kurushia imelala, ya kupokelea isimame wima. Vitabuni wanaahidi desibeli 20. Juu ya paa la bati, penye nyaya za nguo na matangi, shukuru ukipata nusu yake.

Umbali. Kila unapozidisha umbali mara mbili unapata angalau desibeli 6. Kutoka mita 5 kwenda 10 ni rahisi. Kutoka 20 kwenda 40 unaingia uwanja wa jirani.

Pima tena baada ya kila badiliko. Na kama kazi yako haihitaji wati 100, kushuka hadi 25 ni desibeli 6 nyingine bila kununua kitu.

## Hatua ya 4: Hakikisha kebo yenyewe si antena

Fanya jaribio moja kabla ya kuendelea. Chomoa antena ya kupokelea kule juu, uache kebo imening'inia na mwisho wake umefunikwa. Huku chini kipimo kibaki kimechomekwa. Rusha wati 5.

Kama mita bado inasoma karibu kilekile, antena yako haina kosa. Mawimbi yanapanda kwenye ganda la kebo kwa nje na kuingia nalo ndani. Unaweza kuhamisha antena hadi kijiji cha pili usione tofauti.

Dawa ni kuzungusha kebo ya kupokelea kwenye pete ya feraiti, mizunguko 10 hadi 12. Aina 31 hufanya vizuri zaidi bendi za chini, 43 kwa za juu. Weka moja karibu na antena na, ukiweza, nyingine karibu na kipokezi. Kwa kupokea tu unaweza kutumia kebo nyembamba ya RG-174 ili mizunguko ienee kwenye pete ndogo.

Mafanikio: ukirudia jaribio la kebo iliyoning'inia, mita inashuka karibu na sifuri.

## Hatua ya 5: Rilei inayokata kabla ya mawimbi kufika

Hii ndiyo kinga kubwa, na ndiyo inayofungwa kinyume mara nyingi zaidi kuliko zote.

Kosa lenyewe ni hili: fundi anaunganisha rilei ili ivute wakati wa kurusha, na vuto hilo ndilo linalokata kipokezi. Linafanya kazi, hadi siku TANESCO au KPLC wamekata umeme wakati redio iko kwenye betri, au fyuzi ya saplai ndogo imekatika. Rilei haivuti, kipokezi kinabaki wazi, na mwenyewe anarusha kwa amani kabisa.

Fanya kinyume chake. Rilei ivute wakati wa kupokea. Ikikosa umeme kwa sababu yoyote ile, iachie, na kuachia ndiko kuwe salama.

Pini. Seti ya kwanza: COM kwa antena, NC kwa ethi ya boksi, NO kwa kiungo cha ndani. Seti ya pili: COM kwa kipokezi, NC kwa ethi, NO kwa kiungo hichohicho cha ndani. Rilei ikiachia, antena inakwenda ethi, kipokezi kinakwenda ethi, na kipande cha katikati kinabaki peke yake. Kukata sehemu mbili na kupeleka zote ethi ndiko kunakofanya mawimbi yasiruke ndani ya rilei. Mwenye kukata sehemu moja tu anaacha upenyo, hasa bendi za juu.

Uendeshaji. Redio nyingi za HF zina tundu nyuma lenye jina kama SEND au TX GND, linalokwenda ethi unapobonyeza PTT, kitufe cha kurushia. Emita ya 2N2222A iende ethi, kolekta kwenye koili ya rilei, na upande wa pili wa koili kwenye +12. Beizi ipate rezista ya kilo-omu 4.7 kutoka +12, na waya wa SEND uungwe moja kwa moja kwenye beizi. Wakati wa kupokea transista inapitisha na rilei imevuta. Ukibonyeza PTT, beizi inashushwa, transista inafunga, rilei inaachia.

Usiweke diodi kwenye waya wa SEND. Ingeacha beizi na volti kama 0.8, na transista isingefunga.

Diodi ya koili. Koili ikikatwa umeme hutoa mshtuko unaoweza kuua transista, hivyo huwekwa 1N4007 sambamba nayo. Ila diodi peke yake hufanya rilei ichelewe kuachia kwa milisekunde kadhaa, na hizo ndizo milisekunde usizotaka kuzipoteza. Iweke mfululizo na zena ya volti 12, zikitazamana katodi kwa katodi. Anodi ya 1N4007 iwe upande wa kolekta, anodi ya zena upande wa +12. Transista itaona kama volti 25 kwa kitambo kidogo, na 2N2222A inahimili 40.

Kurudi kwenye kupokea. Weka 47 µF kati ya beizi na ethi, hasi kwenye ethi. Ukiachia PTT, kapasita hii huchelewesha transista kama milisekunde 12, transmita ikapata muda wa kunyamaza kabisa. Kwenda kurusha hakucheleweshi kitu, kwa sababu SEND inaimwaga papo hapo.

Muda wa transmita. Ingia kwenye menyu ya redio yako utafute ucheleweshaji wa kurusha. Weka milisekunde 10 hadi 20. Kama haupo, usitumie CW ya kusikiliza kati ya nukta na nukta: nukta ya kwanza itatoka rilei ikiwa bado njiani.

Pima kwa mita kabla ya kuchomeka chochote. Bila umeme, kati ya pini ya katikati ya tundu la kipokezi na ganda lake usome karibu omu 0. Ukiwasha 12 V, usome mwendelezo kati ya katikati ya tundu la antena na katikati ya tundu la kipokezi. Ukibonyeza PTT, wati zikiwa chini kabisa, mwendelezo upotee. Zikitoka zote tatu, umefaulu.

Maonyo mawili. Kipokezi kinachopandisha volti kwenye kebo kulisha amplifaya ya juu kitapigwa shoti na pini ya NC, kwa hiyo pini hiyo ipitie kapasita ya 10 nF kwanza. Na ukiwa na antena yenye amplifaya mlingotini, rilei ya chumbani haiilindi. Amplifaya ndiyo itakayokutana na mawimbi kwanza. Hatua ya 6 ifanyike kwenye mlango wake, kule juu.

## Hatua ya 6: Diodi na balbu kwa ajili ya siku ya bahati mbaya

Rilei uliyojenga ina udhaifu mmoja: waya wa SEND ukikatika, haitajua kwamba unarusha. Kinga ya pili lazima isimame yenyewe bila kuambiwa.

Lehemu 1N4148 mbili kati ya njia ya mawimbi na ethi, moja ikitazama juu na nyingine chini. Volti ikikaribia 0.7 zinaanza kupitisha, na ziada inakwenda ethi. Hiyo kinadharia ni +7 dBm, lakini mkondo ukiwa mkubwa volti hupanda, hivyo hesabu +10.

Kabla ya diodi, weka balbu ya volti 12 mfululizo kwenye njia. Ikiwa baridi ina omu kama 24, nawe unapoteza chini ya desibeli 2 tu, ambazo kwenye HF huzisikii. Mkondo ukizidi inapata joto, omu zake zinapanda kuelekea 240, na inazibana diodi zisizidiwe. Ikiungua, inakuwa fyuzi. Ni afadhali balbu kuliko kipokezi.

Kwa RTL-SDR hapo panatosha kama kinga ya akiba. Kwa HackRF, +10 bado ni kifo. Ongeza kipunguza nguvu cha desibeli 20 baada ya diodi: rezista ya omu 247 mfululizo, na omu 61 kwenda ethi kila upande. Thamani za dukani za 240 na 62 zinafaa. Sasa kinachofika ni -10 dBm. Si lile lengo letu la -15, ila kwa ajali ya sekunde moja nakubali.

Watu hushtuka wakisikia desibeli 20 za kutupa. Kwenye mita 40 na 80 kelele za anga ni kubwa kuliko za kipokezi, hasa kwetu karibu na ikweta. Kuna jaribio rahisi: chomeka antena, uangalie kelele kwenye skrini. Zikipanda ukilinganisha na tundu tupu, hujapoteza kitu. Zisipopanda, punguza hadi desibeli 10 na uitegemee zaidi rilei.

Tatizo la diodi ni vizuka. Kituo kikubwa cha AM kilicho karibu kinaweza kuzitingisha diodi, nazo zikachanganya mawimbi na kukuzalia stesheni zisizokuwepo. Ukiona hivyo, weka diodi mbili mfululizo kila upande badala ya moja. Kizingiti kinapanda hadi kama +13 dBm, na ongeza kipunguza nguvu ipasavyo. Au, bora zaidi, chuja kwanza.

## Hatua ya 7: Chuja, ikiwa unasikiliza bendi nyingine

Mpangilio wa vitu kutoka juu kwenda chini ni huu: antena, pete ya feraiti, rilei, kichujio, balbu, diodi, kipunguza nguvu, kipokezi. Kichujio kinatangulia diodi kwa sababu mbili. Kinazuia vituo vya AM visizifikie. Na diodi zikikata mawimbi huzalisha masafa mapya, ambayo bila kichujio yangepanda tena kwenye antena na kuwasumbua majirani.

Kama vizuka vyako ni vya AM, kichujio kinachokata chini ya 2.5 MHz kinatosha. Kwa wanaosikiliza VHF (30 hadi 300 MHz) mjini, kinachohitajika ni cha kuzima vituo vya FM vya 88 hadi 108 MHz.

Kambini, redio mbili zikifanya kazi kwa wakati mmoja, rilei haina msaada, maana mwenzako anarusha wakati wewe unasikiliza. Hapa kipande cha kebo kinafanya maajabu. Tuseme yeye yuko 7.1 MHz, wewe 14.2. Urefu wa wimbi la 7.1 ni mita 42.25, robo yake 10.56. Kwenye RG-58 mawimbi hukimbia kwa 0.66 ya mwendo wa angani, kwa hiyo robo hiyo ndani ya kebo ni mita 6.97.

Kata RG-58 mita 7.2, iunge kwa kiungo cha T mlangoni mwa kipokezi, mwisho wake wa pili ukiwa wazi, haujafungwa na kitu. Kwa 7.1 mwisho huo wazi unaonekana kama shoti, na mawimbi ya mwenzako yanapungua kwa desibeli 20 au zaidi. Kwa 14.2 kebo hiyohiyo ni nusu wimbi, inaonekana kama haipo. Punguza sentimita chache kwa wakati hadi shimo likae pale 7.1, ukitumia NanoVNA, kipimo kidogo cha antena na kebo, au kwa kuangalia ishara ikizama kwenye skrini. Kumbuka inazima pia 21.3, kwa hiyo iondoe ukihamia mita 15.

Kichujio cha kwako hakiondoi harmoniki za mwenzako, yaani mawimbi yanayojitokeza kwenye mara mbili au mara tatu ya masafa anayorushia. Anayerusha 14.15 ana kivuli 28.3, na kivuli hicho kinafika kwako kikiwa halali kabisa kwenye bendi unayosikiliza. Hiyo inazimwa kwake: RG-58 ya mita 3.50, mwisho ukiwa umepigwa shoti, kwenye kiungo cha T mlangoni mwa transmita yake. Inapitisha 14.15 na kuua 28.3.

## Hatua ya 8: Jaribu yote kabla ya kurudisha kipokezi

Kipimo chako kikae mahali pa kipokezi. Rusha wati 5, kisha 25, kisha 100, ukilinganisha na ile karatasi ya ukutani. Rilei ikifanya kazi mita isipande kabisa, au ipande kwa sehemu ndogo ya volti.

Kisha vunja kinga kwa makusudi. Ukirusha wati 25, chomoa 12 V ya rilei: mita isibadilike. Acha kurusha, chomoa waya wa SEND, urushe tena kwa wati 5. Sasa rilei imedanganyika na diodi ziko peke yake. Kama hujaweka kipunguza nguvu mita isizidi volti 1. Kama umeweka, iwe karibu na sifuri. Panda hadi 25 na 100 kwa uangalifu. Balbu ikianza kung'aa, umbali wa antena zako ni mdogo mno, rudi hatua ya 3.

Kipokezi kirudi mwisho kabisa. Rekodi picha ya kelele zake kwenye bendi moja, saa moja ya siku, antena ikiwa imechomekwa. Ndiyo utakayoilinganisha siku ukishuku usikivu umepungua.

## Transmita ikiwa si yako

Jirani mwenye redio au mnara wa FM hawakupi waya wa SEND. Kinachobaki ni hatua za 3, 4, 6 na 7, na kuchomoa kebo kwa mkono ukimaliza kusikiliza.

Hatari inayosahauliwa ni redio ya mkononi. Wati 5 za 145 MHz, mita moja kutoka antena ya kidongo chako, kwa hesabu ya anga tupu hupoteza desibeli 16 tu. Kinachofika ni kama +21 dBm. Hata ukitoa kidogo kwa udhaifu wa antena fupi, umevuka kikomo. Sogea mita 10 na inashuka hadi kama +1. Toka nje kabla ya kubonyeza.

## Ukikwama

Kipokezi kinazibwa wakati wa kurusha kisha kinarudi sawa. Hakijaungua, kimezidiwa tu. Ongeza kipunguza nguvu.

Kelele ni zilezile antena ikiwepo na isipokuwepo. Kagua balbu kwanza, kwa mita. Ikiwa nzima, kagua pini za rilei, kisha chomeka kipokezi moja kwa moja kwenye antena, transmita ikiwa imezimwa. Kama bado kiziwi, amplifaya ya kwanza imekwenda. Kwenye HackRF jaribu kuizima amplifaya hiyo kwenye programu. Mara nyingine kinachobaki bado kinasikia.

Rilei inalia lakini kipokezi kinakatika-katika. Pini zimeingia kutu, jambo la kawaida pwani. Rilei iliyozibwa kabisa hudumu kuliko ya wazi, na boksi lenye tundu la kebo linalotazama chini halikusanyi maji.

Redio inajibonyeza PTT yenyewe ikirusha. Mawimbi yanaingia kwenye waya wa SEND. Zungusha waya huo mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, na uongeze 10 nF kutoka beizi kwenda ethi, miguu ikiwa mifupi kabisa. Ile 47 µF haitoshi kwa kazi hii, ni nzito mno kwa masafa ya juu.